Funzo la Hospitali ya Scutari

Wahenga walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni kuwa mwenye kuuguza hangoji kuombwa. Hutazama, akaitambua haja, akaitimiza kabla mgonjwa hajafungua kinywa. Kuuguza, basi, si jambo geni katika nchi yoyote. Lakini uuguzi uliokuwa kazi ya elimu, yenye shule na kanuni zake, ni jambo la juzi katika historia, na sehemu kubwa ya habari yake yatokana na hospitali moja ya vita.

Mwaka 1854 Uingereza na Ufaransa ziliungana na Uturuki kupigana na Urusi, na mapigano makali yakawa katika rasi ya Crimea. Askari wa Kiingereza walioumia au kuugua walipakiwa melini, wakavushwa Bahari Nyeusi mpaka Scutari, mkabala wa mji ambao leo waitwa Istanbul. Huko kambi kubwa ya askari wa Kituruki ilikuwa imegeuzwa hospitali. Waliokatwa miguu na mikono walilala bega kwa bega na wenye kuhara damu, kipindupindu na homa. Vitanda havikutosha, shuka zilikuwa haba, chawa na panya walikuwa tele. Habari hizo zilipochapwa katika gazeti la The Times, watu wa Uingereza waliona haya na hasira.

Serikali ikamwita Bibi Florence Nightingale. Yeye alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika nyumba ya watu wenye mali. Jamaa zake walichukizwa sana alipotaka kuwa muuguzi, kwa kuwa siku zile kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya watu duni. Walakini hakukata tamaa. Mwaka 1851 alijifunza kwa miezi mitatu hivi huko Kaiserswerth, Ujerumani.

Aliwasili Scutari tarehe 4 Novemba 1854 pamoja na wanawake 38. Madaktari wengi wa jeshi hawakuwataka. Hakushindana nao, bali aliwazuia wenzake wasimguse mgonjwa yeyote mpaka waitwe. Siku chache baadaye majeruhi wa mapigano ya Inkerman walifurika, nao wakaitwa. Wakasafisha vidonda na kuvifunga, wakashona magodoro, wakapika vyakula laini, wakatafuta nyumba ya kufulia nguo. Usiku Bibi Nightingale alipita kati ya vitanda akiwa na taa mkononi, na kwa taa hiyo jina lake lilienea duniani.

Wengi huikomesha hadithi papo hapo, wakadhani kwamba taa ile ndiyo iliyowaponya askari. Historia yatuambia mengine. Katika majira yale ya baridi vifo havikupungua, vilizidi. Mwezi wa Februari 1855 walikufa wagonjwa wapatao 42 katika kila 100. Je, wauguzi walikuwa wavivu? Hasha! Walichoka mpaka baadhi yao wakaugua. Lakini adui alikuwa chini ya sakafu. Jengo lile lilisimama juu ya mifereji ya maji machafu iliyoziba, vyumba vilijaa watu kupita kiasi, madirisha hayakupitisha hewa ya kutosha, na maji ya kunywa yalikuwa yamechafuliwa. Mtu aliyeletwa na jeraha la risasi aliweza kupona jeraha lake, kisha akafa kwa kuhara.

Mwezi wa Machi 1855 ilifika tume ya afya kutoka Uingereza, na ndani yake alikuwamo Daktari John Sutherland na mhandisi Robert Rawlinson. Waliizibua mifereji, wakaondoa takataka na mizoga, wakapaka kuta chokaa, wakafungua njia za hewa. Ilipofika Juni, vifo vilikuwa vimeshuka hata wagonjwa wapatao 2 katika kila 100.

Vita vilikwisha mwaka 1856. Bibi Nightingale alirudi kwao akiwa dhaifu, lakini hakupumzika. Alishirikiana na William Farr, bingwa wa takwimu, wakazipanga hesabu za vifo. Hesabu zilidhihirisha kwamba askari waliouawa na maradhi walikuwa wengi kupita waliouawa na silaha za adui. Mwaka 1858 alizionyesha kwa michoro ya duara yenye rangi, ili wakubwa wa serikali wasiokuwa na subira ya kusoma tarakimu waone kwa macho. Mwaka 1860 shule ya wauguzi iliyoitwa kwa jina lake ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London.

Ukiingia leo katika wadi ya wagonjwa wazima, utayaona matunda ya funzo lile. Muuguzi hunawa mikono kabla ya kumshika mgonjwa. Hupima joto, mapigo ya moyo, pumzi na shinikizo la damu, akaandika yote, kwa maana hesabu ikibadilika huonya mapema. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa ili asipate vidonda vya kulala. Aliyepasuliwa hufundishwa kuvuta pumzi ndefu, na huinuliwa atembee mapema iwezekanavyo, ili mapafu yake yasidhoofu na damu isigande miguuni.

Tarehe 12 Mei kila mwaka ni Siku ya Wauguzi Duniani, nayo huadhimishwa hata hapa Kenya. Wasomaji wangu, wavulana kwa wasichana, baadhi yenu mtaingia katika kazi hii. Nendeni na huruma, kwa kuwa asiye na huruma hawezi kukesha. Lakini kumbukeni majira yale ya baridi ya Scutari, ambapo huruma ilikuwa nyingi na watu wakazidi kufa, mpaka ulipozibuliwa mfereji.