Si kila homa baada ya matembezi ni malaria, huenda ni kupe

MATEMBEZI ya nyikani na upandaji wa vilima una wapenzi wengi nchini. Hata hivyo, nyasi za vilima vya Ngong, ambako mifugo hulishwa, au za nyika zinazopakana na Maasai Mara, ambako ng'ombe na wanyamapori hulisha pamoja, zina kupe, kiumbe mdogo awezaye kumwachia msafiri homa kali.

Kupe ni wa ukoo mmoja na buibui, na akikomaa huwa na miguu minane. Haruki wala hapai. Aina nyingi hukwea jani la nyasi, zikanyoosha miguu ya mbele na kungoja mnyama au mtu apite. Nyingine huvutwa na pumzi ya mnyama na kumfuata ardhini.

Baadhi ya kupe hubeba bakteria wa kundi la riketsia, wanaosababisha homa ya kupe. Dalili aghalabu huanza siku 5 hadi 10 baada ya kuumwa: joto jingi mwilini, maumivu ya kichwa na misuli, na kuvimba tezi. Mara nyingi mahali alipouma kupe hutokea kidonda kidogo chenye kigaga cheusi.

Tatizo ni kwamba dalili hizi hufanana na za malaria. Mgonjwa anayekimbilia dawa za malaria bila kupimwa huenda azimalize asipone, ilhali doksisaiklini, ikitolewa na daktari, huitibu homa ya kupe upesi. Vilevile, ni kosa kuipuuza malaria. Pimwa, mweleze daktari ulikotembea, na umwonyeshe kigaga hicho.

Ili kujikinga, vaa suruali ndefu na uichomeke ndani ya soksi. Nguo za rangi isiyokoza humfanya kupe aonekane kwa urahisi. Tembea katikati ya njia, na ujipake dawa ya kufukuza wadudu yenye DEET.

Ukirudi nyumbani, jichunguze kwapani, kinenani, kiunoni, nyuma ya magoti na masikio, na kwenye nywele. Wakague watoto pia.

Ukimpata kupe amejishikilia, mshike kwa kibano chenye ncha nyembamba, karibu kabisa na ngozi, kisha umvute polepole moja kwa moja bila kumzungusha. Usimpasue kwa vidole. Osha kidonda na mikono kwa sabuni na maji.

Wako wanaompaka kupe mafuta taa au kumchoma kwa kiberiti. Mbinu hizo humchelewesha kutoka, na huenda zikamfanya ateme mate zaidi kidonda­ni, hali inayoongeza hatari ya kuambukizwa.

Mwisho, andika tarehe uliyoumwa. Ukishikwa na homa katika majuma mawili yanayofuata, tarehe hiyo itamsaidia daktari kutambua kinachokusumbua.