Lakabu ya Mwalimu na Mpaka wa Tunduma

Lakabu si sawa na jina la kuzaliwa. Jina la kuzaliwa hutolewa na wazazi kabla mtoto hajatenda jambo lo lote. Lakabu hutolewa na watu wakiisha kumtazama mtu na matendo yake. Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, aliitwa Kambarage, jina linalohusiana na mvua, kwa kuwa mvua ilinyesha siku aliyozaliwa. Nyerere lilikuwa jina la baba yake, na kwa Kizanaki maana yake ni viwavi. Julius ni jina la ubatizo, alilolipata mwaka 1943. Majina hayo matatu hayakutokana na kazi yake. La nne, Mwalimu, ndilo lililotokana nayo.

Neno lenyewe lina historia ndefu. Limetoka katika Kiarabu, muallim, nalo ni la shina moja na elimu na maalumu. Waswahili walipolipokea, silabi yake ya kwanza waliihesabu kuwa kiambishi cha ngeli ya watu, hata wingi ukawa walimu, na kazi ikawa ualimu. Pwani aliitwa hivyo mfundishaji wa chuoni. Na mabaharia wa Kiarabu katika Bahari ya Hindi walimwita muallim yule ajuaye kuongoza chombo kwa nyota na pepo. Basi neno lilikwisha kubeba maana ya kufundisha na ya kuongoza kabla halijafika bara.

Nyerere alifundisha St. Mary's, Tabora, tangu 1946 mpaka 1949, na baada ya masomo ya Edinburgh akafundisha Pugu. Mwaka 1955 aliiacha kazi hiyo ili kuitumikia TANU. Kazi ilikoma, lakabu ikabaki. Sababu kubwa ni kwamba aliendelea kufundisha kwa lugha iliyofahamika na watu wengi. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Alijifunza shuleni, akakipenda kama mtu apendavyo kitu alichokitafuta mwenyewe. Tarehe 10 Desemba 1962 alilihutubia Bunge kwa Kiswahili. Mwaka 1963 ilitoka tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare, naye akaisahihisha mwaka 1969. Mwaka huo huo ilitoka Mabepari wa Venisi. Mfanya biashara mmoja wa Shakespeare amekuwa mabepari; neno hilo moja ni somo zima la siasa.

Nguvu ya lugha katika jambo hili yadhihirika Tunduma, katika Mkoa wa Songwe uliotengwa na Mbeya mwaka 2016. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, Zambia, na Wanyamwanga wako pande zote mbili. Hao ni watu wanaotazama sana majina: kwa desturi yao jina la ukoo la mwanamume huanza kwa Si-, na la mwanamke kwa Na-, kama Simukonda na Namukonda. Kenneth Kaunda, aliyeiongoza Zambia tangu 1964 mpaka 1991, naye alikuwa mwalimu, akifundisha Lubwa. Viongozi hao wawili walishirikiana kujenga reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ipitayo hapo hapo Tunduma. Walakini Kaunda alijulikana zaidi kwa KK, herufi za mwanzo za majina yake.

Kwa hiyo ualimu peke yake hauzai lakabu. Zambia ilishika Kiingereza kuwa lugha ya serikali, na chini yake Kibemba, Kinyanja, Kitonga na nyinginezo, kila moja ina neno lake. Herufi mbili hazina kabila, nazo zilifaa. Upande wa Tunduma, Mnyamwanga, Mnyiha na Mndali walikuwa na neno moja la kutumia pamoja na Mzanaki na Mmakonde. Lakabu ya taifa haipatikani ila kwa lugha ya taifa.

Mwezi wa Novemba 1985 Nyerere aliuacha urais, na jina la Rais likapita kwa mwingine. Mwalimu halikupita. Alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, watu hawakuhitaji kuuliza ni mwalimu yupi aliyefariki. Nomino ya jumla ilikuwa imegeuka jina la mtu mmoja, bila amri ya mtu ye yote, kwa mazoea ya vinywa tu.