Mieleka ya 'shuti' ya Japani: namna ya kuitazama na kuipima

Ukitafuta mieleka ya zamani ya Japani kwenye simu, unaweza kukutana na pambano lisilofanana na mieleka uliyoizoea. Hakuna vinyago, hakuna viti vya kupigana, hakuna anayeruka kutoka juu ya nguzo ya ulingo. Watu wawili wanapigana mateke, wanabwagana, kisha wanakunjana mikono na miguu sakafuni. Ukumbi umetulia. Swali la kwanza huwa ni moja: haya ni ya kweli?

Katika makala hii tunaeleza mtindo huo ulitoka wapi, unafuata kanuni gani, na msikilizaji anawezaje kuupima bila kudanganyika.

Maana ya 'shuti'

Hatuzungumzii shuti la mpirani. Wanamieleka huita pambano la kweli 'shuti', na pambano ambalo mshindi amepangwa mapema huliita 'kazi'. Mieleka ya mtindo wa shuti ipo katikati: kwa kawaida mshindi alipangwa, lakini kila kinachofanyika ulingoni lazima kifanane na mapigano ya kweli. Mateke yalitua. Maumivu yalikuwepo.

Ulikotoka

Mizizi yake ni kwa Antonio Inoki, yule aliyepambana na Muhammad Ali mjini Tokyo tarehe 26 Juni 1976 na kutoka sare baada ya raundi 15. Jina lake lilifika hata Afrika Mashariki: mwaka 1979 ilitangazwa kuwa angepigana na Idi Amin wa Uganda, lakini utawala wa Amin ukaanguka Aprili mwaka huo na pambano halikufanyika.

Vijana wa Inoki walifundishwa pia na Karl Gotch, mzaliwa wa Ubelgiji aliyebobea katika kukunja viungo. Mwaka 1984 baadhi yao, akiwemo Akira Maeda, walianzisha kundi la UWF. Lilivunjika mwaka uliofuata, nao wakarudi kwa Inoki.

Novemba 1987, Maeda alimpiga Riki Choshu teke la uso wakati Choshu amemshika mtu mwingine na mikono yake haiwezi kujikinga. Mfupa wa kando ya jicho ulivunjika. Maeda alifukuzwa, lakini jina lake likapanda. Mwaka 1988 aliifufua UWF, na Novemba 1989 kundi hilo lilijaza uwanja wa Tokyo Dome.

Baadaye waligawanyika. Nobuhiko Takada aliongoza UWFi, Maeda akaanzisha RINGS, na Yoshiaki Fujiwara akaunda kundi lake. Mwaka 1993 Masakatsu Funaki na Minoru Suzuki walianzisha Pancrase, walikotaka mapigano ya kweli. Siku ya kwanza, mapambano yote matano kwa pamoja yalichukua dakika 13 na ushei tu.

Jua kanuni kwanza

Huwezi kupima usichokielewa. Katika UWFi, pambano la mmoja kwa mmoja lilianza kila mtu akiwa na pointi 15. Ukishika kamba ili uachiwe, unapoteza pointi 1. Ukibebwa na kubwagwa kwa mgongo, pointi 1. Ukiangushwa kwa kipigo na refa akaanza kuhesabu, pointi 3. Pointi zikiisha, umeshindwa. Unaweza pia kushindwa kwa kupiga mkono chini kukubali, au kwa kuhesabiwa hadi 10.

Kwa hiyo kamba si pambo. Mtu aliyekunjwa mguu hatua mbili kutoka kwenye kamba ana uamuzi wa kufanya: avumilie, au ajiokoe na kulipa pointi? Hapo ndipo utamu wa mtindo huu ulipo.

Mambo ya kuangalia

Mtazame anayebanwa kuliko anayebana. Je, anapigania mkono wake, anageuza kiuno, anatafuta nafasi? Akilala tu akisubiri, pambano limepoteza uhai.

Angalia vipigo. Je, teke la paja la dakika ya 3 linaonekana bado dakika ya 10? Mpiganaji mzuri huchechemea pale alipoumizwa, si pale anapokumbuka.

Angalia mwisho. Ushindi mzuri una sababu ambayo ukirudi nyuma unaiona ikijengwa. Kiyoshi Tamura na Mrusi Volk Han, walipokutana katika RINGS, husifiwa kwa hilo: kila mkunjo ulijibiwa na mkunjo mwingine, na hakuna aliyepewa kitu bure.

Dalili za kupangwa

Kumbwaga mtu kwa kumrusha juu kabisa huhitaji mara nyingi ushirikiano wake. Mkono ulionyooshwa kisha ukaachiwa bila sababu ni dalili nyingine. Pointi zinazofuatana sawasawa hadi dakika za mwisho nazo zitiliwe shaka. Pambano la kweli mara nyingi halipendezi: huisha ghafla, au watu hukumbatiana muda mrefu bila jambo kutokea.

Maswali mawili, si moja

Watazamaji wengi hukosea hapa. 'Je, lilipangwa?' ni swali moja. 'Je, lilikuwa zuri?' ni swali jingine. Mchezo wa kuigiza wa redioni unajua umeandikwa, na bado unakuliza. Pambano lililopangwa laweza kuwa bora, na la kweli laweza kuchosha.

Lakini kuna swali la tatu, nalo ni la haki: je, mtazamaji aliambiwa nini? UWFi ilijinadi kuwa mieleka ya kweli kuliko nyingine zote. Oktoba 1995 Takada alishindwa na Keiji Mutoh pale Tokyo Dome kwa mkunjo wa miguu wa mieleka ya kizamani, na mashabiki wake wakaona ahadi yote imeanguka. Tarehe 11 Oktoba 1997 alikutana na Mbrazili Rickson Gracie katika pambano la kweli, akashindwa kwa kukunjwa mkono kabla dakika 5 hazijaisha. Hata hivyo, Kazushi Sakuraba, aliyekulia UWFi, alimshinda Royce Gracie mwaka 2000 baada ya dakika 90. Mafunzo yalikuwa ya kweli, ingawa matokeo mengi hayakuwa hivyo.

Lile teke la Maeda linafundisha upande wa pili. Katika pambano la kupangwa, kila mmoja amemkabidhi mwenzake mwili wake. Tunaposifu 'ukweli' ulingoni, tusisifu kuvunjwa kwa amana hiyo.

Kabla hujatazama

Watoto wakiangalia pamoja nawe, waeleze kuwa kabali na mkunjo wa goti si mchezo. Kabali humzimisha mtu kwa sekunde chache, na goti huharibika kabla maumivu hayajatoa onyo.

Kama bando ni dogo, chagua mapambano mawili mafupi: moja la UWFi, jingine la Pancrase. Tazama la kwanza ukihesabu pointi na la pili ukimfuata anayebanwa, kisha ulinganishe yalivyoisha.