Kenya: Kesi ya Worldcoin na mipaka ya ridhaa inayonunuliwa kwa fedha

Tarehe 5 Mei 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru kufutwa kwa data za kibayometria za Wakenya waliopigwa picha za macho na mradi wa Worldcoin. Jaji Roselyne Aburili aliagiza kazi hiyo ifanyike ndani ya siku 7, chini ya usimamizi wa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Hukumu hiyo ilitolewa karibu miaka 2 baada ya maelfu ya watu kupanga foleni jijini Nairobi, wakitoa picha za mboni za macho yao na kupokea sarafu ya kidijitali.

Makala hii inaeleza mradi huo ulivyofanya kazi, kwa nini Kenya iliusimamisha, mahakama iliamua nini, na jambo hilo lina uzito gani kwa wakazi wa Uganda na nchi nyingine za ukanda huu.

Worldcoin ni nini?

Worldcoin ni mradi wa kampuni ya Tools for Humanity, ambayo miongoni mwa waasisi wake ni Sam Altman, anayefahamika zaidi kama mkuu wa kampuni ya akili bandia ya OpenAI, na Alex Blania. Mradi ulizinduliwa rasmi duniani tarehe 24 Julai 2023. Mnamo Oktoba 2024 jina lake lilifupishwa na kuwa World.

Hoja ya waasisi ni kwamba, kadiri akili bandia inavyozidi kuiga maandishi, sauti na sura za watu, itakuwa vigumu kujua mtandaoni nani ni binadamu na nani ni programu ya kompyuta. Dawa waliyoipendekeza ni kumpa kila mtu uthibitisho wa kidijitali kwamba yeye ni binadamu na kwamba amejisajili mara moja tu.

Chombo kinachotumika kinaitwa Orb. Ni tufe linalong'aa, lenye kamera ndani yake. Mtu hulitazama kwa muda mfupi, nalo hupiga picha ya mboni za macho yake. Picha hiyo hugeuzwa kuwa mfululizo wa tarakimu usiofanana na wa mtu mwingine. Kampuni ilijitetea kwamba haikuhitaji jina wala kitambulisho cha mtu, na kwamba picha yenyewe hufutwa isipokuwa mhusika aruhusu ihifadhiwe.

Yaliyotokea Nairobi

Katika siku za kwanza baada ya uzinduzi, foleni ndefu zilionekana katika vituo kadhaa vya jiji, hasa kwenye Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta, KICC. Kila aliyesajiliwa aliahidiwa sarafu 25 za Worldcoin, ambazo wakati huo zilikuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya.

Kiasi hicho hakikuwa kidogo. Mshahara wa kima cha chini kwa kibarua wa kawaida jijini Nairobi ulikuwa shilingi 15,201 kwa mwezi. Dakika chache mbele ya tufe zilimpatia mtu karibu nusu ya ujira wa mwezi mzima, tena katika kipindi ambacho bei za unga na mafuta zilikuwa zimepanda sana. Wengi waliohojiwa na waandishi wa habari kwenye foleni walisema wazi kwamba walifuata fedha, na kwamba hawakujua data zao zingepelekwa wapi.

Tarehe 2 Agosti 2023, Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Kithure Kindiki, alitangaza kusimamishwa kwa shughuli za mradi huo nchini. Baadaye ilibainika kwamba Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, iliyoongozwa wakati huo na Immaculate Kassait, ilikuwa tayari imeitaka kampuni iache kukusanya data za kibayometria tangu mwezi Mei mwaka huo, lakini usajili uliendelea.

Bunge la Taifa liliunda kamati maalumu chini ya uenyekiti wa mbunge Gabriel Tongoyo. Wakati wa uchunguzi ilielezwa kwamba zaidi ya watu 350,000 walikuwa wamesajiliwa nchini Kenya. Ripoti ya kamati, iliyotolewa Septemba 2023, ilipendekeza shughuli hizo zizuiliwe hadi sheria za kusimamia sarafu za kidijitali ziwepo. Hata hivyo, uchunguzi wa polisi ulifungwa Juni 2024 bila mtu kufikishwa mahakamani. Ikabaki kesi iliyofunguliwa na shirika la Katiba Institute pamoja na washirika wake.

Mahakama iliamua nini?

Hukumu ya Mei 2025 ilisimama juu ya nguzo mbili za Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019.

Nguzo ya kwanza ni tathmini ya athari. Sheria inamtaka anayekusudia kuchakata data zinazoweza kuhatarisha haki za watu afanye kwanza tathmini ya hatari hizo na njia za kuzipunguza. Mahakama iliona kwamba tathmini ya kutosha haikufanyika kabla ya kukusanya picha za macho.

Nguzo ya pili ni ridhaa. Sheria inasema ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, mahususi, na itolewe na mtu aliyeelezwa kikamilifu. Mahakama iliona kwamba ridhaa iliyopatikana kwa kumshawishi mtu kwa sarafu ya kidijitali haikutimiza sharti hilo. Mbali na kuamuru data zifutwe, iliizuia kampuni kuendelea kukusanya na kuchakata data za aina hiyo bila kufuata sheria.

Umuhimu wa nguzo hii ya pili unavuka mipaka ya Worldcoin. Kampuni nyingi za teknolojia hujitetea kwa kusema kwamba mtumiaji alikubali masharti. Mahakama ilitazama mazingira ya kukubali huko: mtu alipewa nini, aliambiwa nini, na kama alikuwa na nafasi halisi ya kukataa.

Kwa nini mboni ya jicho?

Nenosiri likiibwa, mwenyewe hulibadilisha. Laini ya simu ikipotea, hununuliwa nyingine. Mboni ya jicho haibadilishwi. Tarakimu zilizotokana nayo zikiangukia mikononi mwa mtu mbaya, mhusika hana jicho jingine la kusajili. Maji yakimwagika hayazoleki, na ndiyo maana sheria za nchi nyingi huweka alama za kibayometria katika kundi la data nyeti, zinazohitaji ulinzi mkubwa kuliko jina au anwani.

Kenya haikuwa peke yake katika wasiwasi huo. Machi 2024 Hispania na Ureno zilisimamisha kwa muda ukusanyaji wa data uliokuwa ukifanywa na mradi huo. Mwezi Mei mwaka huohuo, mamlaka ya faragha ya Hong Kong iliuamuru ukome. Januari 2025, Brazili ilipiga marufuku kuwalipa watu ili wakubali kupigwa picha za macho, kwa hoja inayokaribia sana ile ya Mahakama Kuu ya Nairobi: malipo humfunga mikono mwenye dhiki.

Hali ilivyo Uganda na kwa majirani

Uganda ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha mwaka 2019, mwaka uleule wa sheria ya Kenya. Inasimamiwa na Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya mamlaka ya teknolojia ya habari, NITA-U. Julai 2025 ofisi hiyo iliamua kwamba kampuni ya Google ilikiuka sheria kwa kutojisajili nayo na kwa jinsi ilivyohamisha data za Waganda nje ya nchi, ikaitaka ijisajili. Uamuzi huo ulitokana na malalamiko ya raia wanne.

Rwanda ina sheria yake ya mwaka 2021. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingiza masuala hayo katika Kanuni ya Kidijitali ya mwaka 2023.

Sheria zipo, lakini baadhi yake zimeandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na masharti ya kampuni mara nyingi ni hivyohivyo. Msemaji wa Kiswahili anayebonyeza neno la kukubali katika lugha asiyoimudu yuko karibu sana na yule aliyesimama kwenye foleni ya KICC: ametoa kibali bila maelezo.

Haki za mwenye data

Chini ya sheria ya Uganda, mtu anayeombwa alama za vidole, picha ya uso au ya jicho anayo haki ya kujua nani anakusanya, kwa kazi gani, na nani mwingine atazipokea. Anaweza kuomba kuziona data zake na kutaka zisahihishwe au zifutwe pale zinapohifadhiwa bila msingi wa kisheria. Data za mtoto hazikusanywi bila idhini ya mzazi au mlezi, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Asiyeridhika hupeleka malalamiko kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi.

Kesi ya Nairobi na malalamiko ya Kampala dhidi ya Google yanafanana katika jambo moja. Kote kuwili, mamlaka ziliamua baada ya raia na mashirika ya kiraia kwenda kuwasilisha malalamiko yao rasmi, dhidi ya kampuni zenye makao yake mbali na Afrika Mashariki.