Kabla ya Geti la Mathari

Nairobi ukiongea peke yako barabarani, hukosi mtu wa kukuuliza umetoroka Mathari lini. Watanzania wana Mirembe yao ya Dodoma kwa utani uo huo. Niliucheka miaka mingi. Kisha mwaka 2018 moyo ukaanza kunienda mbio ndani ya matatu, mikono ikifa ganzi, na nikawa nateremka vituo vitatu kabla ya kazini ili nipate hewa.

Mathari ilifunguliwa mwaka 1910, kwenye majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui. Waafrika wengi waliolazwa humo zama za ukoloni hawakujipeleka. Waliletwa na polisi, mahakama au maofisa wa utawala, kwa kuwa walikuwa wamewasumbua watu. Aliyekesha akihesabu hofu zake, kisha akaamka kwenda shambani, hakumsumbua yeyote. Hakuandikwa katika daftari lolote.

Mwaka 1938 hospitali hiyo ilikabidhiwa J. C. Carothers, daktari wa serikali ambaye hakuwa amebobea katika magonjwa ya akili. Aliisimamia hadi 1950. Kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika kilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, na humo alisema kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika. Alikuwa amewahesabu waliofikishwa getini kwake, akawasemea na waliobaki nyumbani. Frantz Fanon, naye daktari wa akili, alimjibu kwa ukali mwaka 1961. Lakini hata kwetu sisi tusiomjua Carothers, kipimo cha geti lile kilibaki: mgonjwa ni yule anayeokota makopo.

Kwa kipimo hicho mimi nilikuwa mzima. Nilikwenda zahanati mara nne. Malaria hakuna, taifodi hakuna, moyo ukapimwa na kuonekana sawa. Mama alisema, "Unawaza sana, mwanangu," akanichemshia chai ya tangawizi. Hakukosea. Washona wa Zimbabwe wana neno lao kwa jambo hilo hilo, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na huko neno la nyumbani halikudharauliwa. Katika miaka ya 1990 watafiti walitengeneza maswali 14 kutokana na lugha ya wagonjwa wenyewe, yote yakihusu wiki moja iliyopita: Uliwaza mambo mengi mno? Tumbo lilikuuma? Kazi zako zilizorota? Ulifikiria kujiua? Baadaye Dkt. Dixon Chibanda aliwafundisha bibi 14 wa Mbare, Harare, kuketi na watu kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza. Mpango huo sasa umefika hadi Zanzibar.

Hakuna swali hata moja kati ya hayo linalouliza kama umemsumbua jirani.

Mara ya tano, muuguzi mmoja aliweka kando karatasi za vipimo. "Dada, hii hofu imekuzuia kufanya nini?"

Nilianza kujibu nikidhani ni jambo la dakika moja. Nimeacha kwaya. Sipandi lifti. Harusi ya binamu sikwenda, nikasingizia kazi. Silali kabla ya saa tisa usiku. Tangu lini? Tangu Pasaka, na tulikuwa Septemba. Nilisikia orodha hiyo kwa mara ya kwanza pamoja naye. Akaniuliza, bila kupunguza sauti, kama nimewahi kutamani nisiamke. Nikasema hapana, akanieleza kwamba jibu lingekuwa ndiyo, tusingengoja hata kesho.

Aliniandikia barua. Ilikuwa ya kliniki ya wagonjwa wa nje, Mathari.

Nilikaa nayo wiki mbili mkobani. Siku niliyokwenda, niliyemkuta mbele yangu kwenye foleni alikuwa mwanamume mwenye tai, ameweka rundo la karatasi magotini, akisahihisha mitihani ya darasa la sita kwa kalamu nyekundu.