Damu Nyingi Mno: Macbeth wa Old Vic na Watu Waliojaza Ukumbi

Usiku wa Jumatano, tarehe 3 Septemba 1980, Peter O'Toole alipanda jukwaa la Old Vic mjini London kucheza Macbeth. Alikuwa na umri wa miaka 48, na ukumbini hapakuwa na asiyeijua sura yake, kwani ndiye aliyekuwa Lawrence katika filamu ya Lawrence of Arabia ya mwaka 1962. Tendo la pili lilipofika, watazamaji walikuwa wanacheka. Tamthilia ni tanzia, tena katika tanzia za Shakespeare hii ndiyo yenye giza zaidi, na mahali walipocheka ni pale mfalme anapouawa.

Wahakiki wa London ni watu wa kubishana, lakini safari hiyo karibu wote walikuwa upande mmoja. Mmoja aliona uigizaji ule unafanana na sinema za kutisha za vijisenti. Mwingine alichoshwa na sauti iliyobweka kila mstari kwa kiwango kilekile, kana kwamba ukumbi mzima ni wa viziwi. Habari ikatoka kurasa za sanaa, ikapanda kurasa za mbele, na waandishi wakaenda kupiga hodi nyumbani kwa mwigizaji. Kwa kawaida onyesho lililopigwa namna hiyo hufa baada ya majuma machache, viti vikiwa vitupu. Hili halikufa. Watu walizikimbilia tiketi, ukumbi ukajaa usiku baada ya usiku, na onyesho lilipopelekwa miji mingine ya Uingereza, huko nako likajaza.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya mwigizaji mkubwa aliyeanguka. Mimi naona ni kisa cha watazamaji vilevile, na naamini hawajatendewa haki na wasimulizi. Wameandikwa kama kundi lililokwenda kushangilia ajali. Ukiliangalia lile walilolicheka, na ukikumbuka desturi ndefu ya hadhira ya Kiingereza mbele ya tamthilia hiihii, utaona kwamba walikuwa wakifanya kazi ya maana.

Kwanza tumtazame mwenyewe. O'Toole hakuwa mgeni wa Shakespeare hata kidogo. Alikulia kisanaa katika Bristol Old Vic miaka ya 1950, akacheza Hamlet huko, na mwaka 1960 akawa Shylock mjini Stratford. Kampuni ya Tamthilia ya Taifa ilipozinduliwa Oktoba 1963 chini ya Laurence Olivier, ilianzia ndani ya Old Vic kwa Hamlet, na Hamlet huyo alikuwa O'Toole. Kwa hiyo 1980 alikuwa anarudi kwenye mbao alizokwisha kuzikanyaga katika usiku wa kihistoria. Katikati hapo pombe na maradhi vilikuwa vimemwandama. Katikati ya miaka ya 1970 alifanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo, akanusurika kufa, na kwa miaka mingi alikuwa mtu wa sinema, mbali na jukwaa la London. Kurudi kwake kulikuwa na ushujaa, na siwezi kumcheka kwa hilo.

Mwenyeji wake alikuwa na shida zake. Kampuni ya Tamthilia ya Taifa ilikuwa imehamia jengo jipya kando ya mto Thames mwaka 1976, na Old Vic, jumba lililofunguliwa 1818, likabaki likitafuta mpangaji. Kampuni ya Prospect ndiyo iliyoingia, nayo ikaja kuitwa Kampuni ya Old Vic. Mkurugenzi wake mpya wa sanaa mwaka 1980 alikuwa Timothy West, naye pia mwigizaji mashuhuri. Kampuni ilihitaji jina la kuvuta watu, na hakuna jina lililovuta kama O'Toole. Akaja kwa masharti yake: usemi wa mwisho juu ya onyesho lake ulikuwa wake. Mwongozaji alikuwa Bryan Forbes, mtu mwenye sifa kubwa katika filamu, lakini Shakespeare wa jukwaani haikuwa kazi aliyoizoea. Frances Tomelty akacheza Lady Macbeth, Brian Blessed akawa Banquo. Hao si watu dhaifu. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kumwambia nyota kwamba hapa umepotea.

Sasa damu. Waliomsoma Macbeth kwa Kiswahili, katika tafsiri ya S. S. Mushi iliyotoka 1968 kwa jina la Makbeth, wanakijua kisa. Jemadari wa Scotland anatabiriwa na wachawi watatu kwamba atakuwa mfalme. Mkewe anamtia ari. Usiku, mfalme Duncan akiwa mgeni wao, jemadari anaingia chumbani na kumchoma akiwa usingizini. Shakespeare hakuyaonyesha mauaji. Aliyaficha nyuma ya pazia, akamleta muuaji mbele yetu dakika chache baadaye akiwa na majambia mkononi, hofu imemshika. O'Toole alitokea akiwa ameloa damu mwili mzima, kichwa hadi miguu. Husimuliwa kwamba Princess Margaret wa familia ya kifalme alitembelea mazoezi na kupendekeza damu ya bandia inayotumiwa kwenye sinema, iliyo nyekundu na nzito kuliko ya jukwaani. Wazo liwe lake au la, damu ilimwagwa bila kipimo.

Na watu wakacheka. Lakini soma maneno yanayofuata. Katika sehemu hiyo ya tamthilia mazungumzo ya mume na mke yanarudi tena na tena kwenye mikono. Mume anaitazama mikono yake kwa kitisho. Mke anamhimiza akanawe, na anaamini kwamba maji kidogo yatalimaliza jambo. Uzito wote unatokana na uchache wa damu: ipo kwenye viganja tu, inafutika kwa kata moja ya maji, ila moyoni haitoki kamwe. Ndiyo sababu baadaye tunamwona mwanamke yuleyule, usingizini, akiisugua mikono isiyo na kitu. Mlete mtu aliyeloweshwa kama ng'ombe wa machinjioni, kisha mkewe amwambie akanawe mikono, na sentensi imegeuka kichekesho. Mtazamaji aliyecheka pale alikuwa amesikiliza. Aliusikia mgongano kati ya neno na picha, na mwili wake ukajibu kabla akili haijapanga hoja.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisikione kicheko kile kuwa utovu wa adabu. Shakespeare mwenyewe aliweka kicheko mahali hapo. Mauaji yakiisha tu, mlango unagongwa, na anaingia bawabu mlevi anayeropoka ovyo huku akijikokota kwenda kufungua. Mwandishi wa Kiingereza Thomas De Quincey aliandika insha mwaka 1823 kuhusu ule ugongaji wa mlango peke yake, akieleza jinsi unavyoirudisha dunia ya kawaida baada ya kitendo cha kutisha, na kwa kuirudisha unatufanya tukihisi kitisho chenyewe. Kicheko cha bawabu ni pumzi inayotolewa baada ya kubanwa. Old Vic pumzi ilitoka mapema, kwa sababu watu hawakuwa wamebanwa vya kutosha. Hilo ni kosa la mpangilio wa jukwaa, na hadhira ililitambua kwa usahihi ambao wahakiki wengi, kwa wingi wa kejeli zao, hawakuufikia.

Kuhusu waliokuja majuma yaliyofuata, baada ya kusoma magazeti, sitadai walikuwa na nia moja. Wapo waliokwenda kucheka. Wapo waliompenda O'Toole tangu jangwani mwa Lawrence na hawakuwa tayari kumkana kwa sababu ya aya mbili za gazeti. Wapo waliotaka tu kujua. Tusisahau kwamba mwaka 1980 hapakuwa na kipande cha video cha kutazama kwenye simu. Aliyetaka kuwa na maoni yake ilimbidi anunue tiketi, avuke mto hadi barabara ya Waterloo, na aketi saa kadhaa. Hiyo ni gharama. Mtu anayelipa gharama hiyo ili asihukumu kwa macho ya mwingine namheshimu, hata kama aliingia akiwa na tabasamu la dhihaka.

Tena Macbeth ilikwisha kuzoea hadhira isiyonyamaza. Ukumbi wa Covent Garden mjini London ulipofunguliwa upya tarehe 18 Septemba 1809 baada ya kuungua mwaka uliotangulia, ulifunguliwa kwa tamthilia hii, John Philip Kemble akiwa Macbeth na dada yake Sarah Siddons akiwa mkewe. Hakuna aliyesikia neno. Uongozi ulikuwa umepandisha bei za viti, na watu walipiga kelele, wakaimba, wakagonga sakafu, wakarudi kesho yake kufanya vilevile. Walifanya hivyo kwa takriban miezi mitatu, mpaka Kemble akasalimu amri na bei ya viti vya chini ikarudishwa. Miaka 40 baadaye, mjini New York, Mwingereza William Charles Macready alikuwa akicheza Macbeth katika ukumbi wa Astor Place huku mashabiki wa mpinzani wake Mmarekani, Edwin Forrest, wakiwa nje kwa maelfu wakirusha mawe. Tarehe 10 Mei 1849 wanajeshi waliwafyatulia risasi, na watu wasiopungua 22 wakafa. Wasanii wa Uingereza wana imani kwamba tamthilia hii ina nuksi, hata jina lake hawalitamki wakiwa ukumbini. Mimi sioni nuksi. Naona umma unaoamini kwamba jukwaa ni lake pia.

Anayefanana zaidi na O'Toole wa 1980, hata hivyo, ni Robert Coates, na yeye ananisikitisha. Alikuwa tajiri mzaliwa wa Antigua, visiwa vya Karibi, aliyejiona amezaliwa kucheza Romeo. Mwaka 1810 alicheza mjini Bath akiwa amevaa almasi, akabadilisha maneno alivyopenda, na alipofika mahali pa kufa alitandika kwanza leso yake sakafuni ili asichafue nguo. Ukumbi ulivunjika mbavu. Watu walimtaka afe tena, naye akafa tena. Kwa miaka kadhaa alijaza kumbi za Uingereza kwa ubovu wake, na hadi leo historia inamwita Romeo Coates. Hapo ndipo kicheko kilipogeuka ukatili, kwa maana watu hawakuja kuona tamthilia wala kuipima. Walikuja kumwona binadamu akijidhalilisha bila kujua. Waliofika Old Vic walikuwa mbele ya bwana wa kazi aliyekuwa amekosea, na tofauti hiyo waliijua. O'Toole alijua watu wanasema nini, na kila jioni alivaa, akapaka damu yake, akatoka. Aliendelea hadi ziara ya mikoani.

Walioshindwa kustahimili ni wakubwa. West alijitenga hadharani na onyesho la kampuni yake mwenyewe, jambo lililo nadra katika kazi hii. Forbes akamjibu, na ugomvi wao ukawa chakula cha magazeti. Namwelewa West. Alikuwa amenyimwa sauti juu ya kazi iliyobeba jina la kampuni yake, na msimu huohuo yeye mwenyewe alikuwa anacheza Shylock kwenye jukwaa lilelile, katika tamthilia ambayo sisi tunaijua kama Mabepari wa Venisi, kwa kalamu ya Mwalimu Nyerere. Lakini kuwakana waigizaji walio bado jukwaani ni kuwaacha peke yao, na kati yao walikuwamo vijana wasiokuwa na jina la kuwakinga.

Kuna watu husema kwamba ukumbi ukijaa, kazi imejitetea. Fedha za Old Vic zinaonyesha vingine. Desemba 1980 Baraza la Sanaa la Uingereza, lililokuwa likitoa ruzuku, lilitangaza kwamba haitaendelea. Viti vilivyojaa havikuiokoa kampuni. Madeni na mashaka ya baraza kuhusu mwelekeo wake vilikuwapo kabla ya damu ya O'Toole, ila onyesho lile liliwapa wenye mashaka sababu ya kuonyesha kidole. Mwaka 1981 kampuni ikafungwa. Mwaka uliofuata jengo lilinunuliwa na mfanyabiashara wa Kanada, Ed Mirvish, kwa pauni 550,000, akalikarabati kwa fedha nyingi zaidi ya hizo, na mwaka 1983 likafunguliwa tena.

O'Toole hakuzama. Mwaka 1989 alipata ushindi mkubwa London katika Jeffrey Bernard Is Unwell, mchezo kuhusu mwandishi mlevi aliyefungiwa baa usiku, na mwaka 1999 akaurudisha ndani ya Old Vic yenyewe, tiketi zikagombaniwa. Alipofariki tarehe 14 Desemba 2013, taazia nyingi zilimkumbuka Macbeth wa 1980 na kuyarudia maneno makali ya wahakiki neno kwa neno. Waliokuwa kwenye viti hawakunukuliwa. Wengi wao bado wako hai, wana miaka sitini, sabini, themanini, na ningependa mtu aende akawaulize waliona nini kabla nao hawajaondoka.