Vinasaba vya virusi vyafichua njia ya dengue kati ya nyumba na nyumba

WAGONJWA wawili wa homa ya dengue wanapopatikana katika mtaa mmoja, wengi huamini kuwa mbu ameutoa ugonjwa kwa mmoja na kuupeleka kwa mwenzake. Dhana hiyo yaweza kuwa kweli, lakini pia yaweza kupotosha. Ili kupata jibu, wataalamu huchunguza vinasaba vya virusi vyenyewe.

Vinasaba vya virusi vya dengue ni mithili ya maandishi yenye herufi zipatazo 10,700. Virusi vinapozaliana, baadhi ya herufi hunakiliwa kimakosa, na makosa hayo hurithiwa na vizazi vinavyofuata. Virusi vya wagonjwa wawili vikifanana karibu herufi kwa herufi, ni dalili kwamba maambukizi yao yana chimbuko moja la karibuni. Vikitofautiana sana, basi viliingia mtaani kwa njia mbili, hata kama nyumba za wagonjwa hao zimetenganishwa na ukuta mmoja tu.

Utafiti uliofanyika nchini Thailand na kuchapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science ulitumia vinasaba vya virusi vya wagonjwa 800, pamoja na taarifa za wagonjwa 17,291 ambao ilijulikana wanaishi wapi na ni ipi kati ya aina nne za virusi vya dengue iliyowapata. Ilibainika kuwa jijini Bangkok, asilimia 60 ya wagonjwa walioishi umbali usiozidi mita 200 baina yao walitokana na mnyororo mmoja wa maambukizi. Kwa waliotengana kwa kilomita moja hadi tano, kiwango kilikuwa asilimia 3 tu.

Matokeo hayo yanaafikiana na tabia ya mbu aina ya Aedes aegypti, anayeeneza ugonjwa huo. Mbu huyo huuma mchana, huzaliana katika maji yaliyotuama kwenye mapipa, matairi na vyungu vya maua, na kwa kawaida haendi mbali na mazalia yake. Safari ndefu za virusi hutegemea zaidi binadamu anayetembea akiwa ameambukizwa.

Hata hivyo, njia hii ina mipaka. Virusi hubadilika polepole, hivyo sampuli za nyumba jirani zinaweza kufanana kabisa bila kuonyesha nani alitangulia. Aidha, walio wengi huambukizwa bila kuona dalili, na hawafiki hospitali kupimwa.

Kwa miji kama Dar es Salaam, iliyokumbwa na milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019, elimu hiyo ina maana kubwa. Mnyororo ukiwa mmoja, nguvu ielekezwe katika kuangamiza mazalia ya mbu kwenye nyumba zinazomzunguka mgonjwa. Minyororo ikiwa mingi, kupulizia dawa mtaa mmoja pekee hakutatosha.